Maboksi Kumi na Mawili

Tangu mkwe wake apate kazi, Mama Barua alikuwa mtu wa kuzunguka. Njia ya mkato kutoka nyumbani hadi kazini kwake ilipita mbele ya mlango wa Mama Stoo, na kwa miaka minne alikuwa akiipita bila hata kuangalia anakokanyaga. Sasa kila asubuhi alishika barabara kuu, akapita nyuma ya kituo cha mafuta, akaruka mtaro wa maji machafu, akafika kijasho chembamba kikimtoka. Binti yake alipomuuliza mbona siku hizi anatoka mapema, alijibu kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi ya kutembea. Daktari yupi, Mungu ndiye ajuaye. Mwanamke huyo alikuwa hajakanyaga hospitali mwaka mzima.

Ukweli ni kwamba nafsi ilikuwa inamsuta, na mtu anayesutwa na nafsi huwa hodari wa kugundua njia mpya.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua za kuomba kazi. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa ofisi ya ajira katika kiwanda cha nguo, na kazi yake huko ilikuwa kufungua bahasha. Nafasi moja ikitangazwa, barua zinakuja kwa gunia, naye ndiye aliyezisoma kabla ya wakubwa na kuzigawa mafungu mawili: za kupelekwa juu na za kabatini. Za kabatini hazikutoka tena. Kiwanda kilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Alikodi chumba kimoja katikati ya fundi viatu na muuza madaftari, akaweka kompyuta, viti viwili, na mashine ya kuchapa iliyokuwa haitemi karatasi mpaka izabwe kofi la ubavuni. Mlangoni aliandika: BARUA ZA KAZI, WASIFU, FOMU. Jina hakuweka. Watu wakampa wenyewe.

Walimjia na barua walizonakili kwa wenzao. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi na watu wa aina zote. Mama Barua alizisoma kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni, kisha akauliza, "Hii ni barua yako au ya jirani?"

"Yangu, mama."

"Mbona hata mimi naweza kuitia saini?"

Kisha angeisukuma kompyuta pembeni, ammiminie mgeni maji kwenye glasi, na kusema maneno ambayo mtaa mzima uliyajua. "Niambie siku moja. Siku moja tu kazini ambayo mpaka leo ukiikumbuka unajisemea, siku ile nilifanya kazi." Mtu angesema hana siku kama hiyo. Mama Barua angenyamaza. Alikuwa fundi wa kunyamaza. Na baada ya muda siku ingetoka, mara nyingi ikiwa imejificha nyuma ya aibu fulani.

Ushauri mwingine aliutoa huku vidole vikikimbia kwenye kompyuta. Soma tangazo mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu. Piga simu mapokezi uulize jina la anayepokea barua, simu haing'ati. Ukurasa mmoja, basi. Usiwaambie unaomba kazi kwa sababu una shida. Kila mtu ana shida, hata huyo anayesoma. Peleka kwa mkono wako, gongewa muhuri wa kupokelewa, na usingoje siku ya mwisho. Halafu weka namba. "Wateja wengi" si namba. "Mzigo mkubwa" si namba. Msomaji akiona namba kamili anaamini kwamba ulikuwepo.

Hilo la namba ndilo lililokuja kumponza.

Mama Stoo alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke mfupi, hamsini kasoro, aliyekaa na funguo kiunoni miaka mingi, kiasi kwamba hata baada ya kazi kwisha mkono wake wa kulia bado ulikuwa ukizipapasa. Alikuwa msimamizi wa ghala la dawa za mifugo mpaka kampuni ilipofunga milango. Sasa kampuni nyingine ya dawa hizo hizo ilikuwa imetangaza nafasi moja ya msimamizi wa ghala, na mwisho wa kupeleka barua ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

"Niambie siku moja," alisema Mama Barua.

"Mimi? Mimi nilikuwa nahesabu tu, dada. Kinachoingia nahesabu, kinachotoka nahesabu."

Mama Barua akanyamaza. Mama Stoo akanywa maji, akaitazama glasi, akapapasa kiuno.

"Labda ile Jumapili," alisema hatimaye. "Lakini ile iliishia vibaya."

Jumapili hiyo hakuwa na zamu. Alikuwa akitoka zake kumwona mgonjwa, akasema apitie ghalani mara moja. Akakuta friji kubwa limekufa, na ndani mna chanjo ya kuku, maboksi themanini. Bosi yuko harusini, simu haishiki. Fundi anasema kesho. Mama Stoo akavuka barabara kwa muuza soda, akamwomba atoe soda zote kwenye mafriji yake matatu.

"Akakubali?"

"Alinitukana kwanza."

Walihamisha maboksi kwa toroli, yeye na mlinzi. Wateja wa muuza soda wakanywa soda za moto mchana kutwa, na kila aliyelalamika aliambiwa amfuate yule mwanamke mwenye toroli. Lakini maboksi yaliyokuwa karibu na mlango wa friji, kumi na mawili, yalikuwa yameshapata joto. Kwa macho hayakuwa na tofauti na mengine.

"Ningeyachanganya nani angejua?" alisema Mama Stoo. "Kuku angekuja kunishtaki? Nikayatenga. Nikajaza fomu ya hasara, nikaandika jina langu. Jumanne yake nikapewa barua ya onyo kwa kupoteza mali ya kampuni. Ndiyo maana sijawahi kumwambia mtu. Hata mume wangu nilimwambia kichwa kinaniuma, nikalala."

Mama Barua aliirudisha kompyuta mbele yake. Katika miaka yake yote ya kufungua bahasha hakuwahi kukutana na siku kama ile. "Dada," alisema, "hiyo ndiyo barua yako."

"Hiyo ya onyo?"

"Yote. Na onyo tunaliweka humo humo."

Aliiandika kwa moyo mweupe, na ilitoka barua ya kupelekwa juu. Mama Stoo aliisoma mara mbili, akacheka kidogo kwa haya, akasema anakwenda kwanza kumsomea dada yake. Mama Barua akamkumbusha asichelewe.

Jumatano jioni mkwe wake alirudi nyumbani na tangazo lile lile mfukoni.

Ni vizuri kuelewa hali ya nyumba. Vilikuwa vyumba viwili. Kimoja cha Mama Barua, kingine cha binti yake na mumewe, waliohamia hapo walipokosa pa kukaa. Binti alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkwe alikuwa kijana mpole, mrefu, msafi wa tabia, mwenye cheti cha utunzaji wa ghala na miezi kumi na minne bila kazi. Kuishi kwa mama mkwe kulimkalia vibaya. Alianza kula kidogo. Sahani ikiwekwa anasema ameshiba, na Mama Barua alikuwa akimwona, akifanya kama haoni, huku roho ikimuuma. Mwanamume mzima anashibaje kwa matonge manne?

Alhamisi asubuhi alimkalisha kwenye kile kiti cha wateja. "Niambie siku moja, mwanangu."

"Mama, mimi kule ghalani nilikuwa kibarua. Mzigo ukija nashusha, ukitoka napakia."

"Miezi kumi na mmoja ya kibarua hakukutokea jambo?"

Mkwe akawaza kwa bidii. "Siku moja nilibanwa kidole."

Mama Barua alinyamaza, lakini safari hii ukimya haukuzaa kitu. Aliandika barua tatu na zote zilikuwa za kabatini. Alijua, maana kwa mikono yake hiyo hiyo alikuwa amefungia kabatini mamia ya namna ile. Saa ilikwenda. Akamtuma mkwe akanunue bahasha. Alipobaki peke yake alifungua barua ya Mama Stoo kwenye kompyuta, eti aangalie mpangilio wake tu. Kisha akabadilisha jina la juu. Muuza soda akamgeuza muuza maziwa. Mlinzi akamwondoa. Barua ya onyo akaifuta, kwa sababu hakutaka mkwe wake aonekane na doa. Alipofika kwenye maboksi kumi na mawili vidole vilisimama. Aliandika kumi na tano, akasoma. Haikukaa sawa, ilionekana namba ya mtu anayekadiria. Akarudisha kumi na mawili. Fundi wa barua alishindwa kuharibu kazi nzuri.

Mkwe aliporudi alisomewa. Alisikiliza hadi mwisho, uso ukiwa chini.

"Mama, huyu si mimi."

"Barua ni mlango tu. Ukishaingia utajieleza mwenyewe."

"Lakini mimi sikuwepo."

"Mwanangu," alisema Mama Barua, na sauti ikapanda kidogo, "leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi barua?"

Nani angejibu hapo? Yule ni mama wa mke wako, unalala chini ya paa lake, unakula chakula chake. Kijana alisema, "Sawa, mama." Na jioni ile alikaa mbele yake akiikariri ile Jumapili kama mtoto anayekariri jedwali la hesabu, yeye akimuuliza maswali ya wakubwa wa ofisi na kumsahihisha. Barua yenyewe Mama Barua alikuwa ameshaipeleka kwa mkono wake mchana, ikagongewa muhuri wa Alhamisi.

Alijiambia mengi. Kwamba barua zitakuwa mia mbili, nani atakumbuka. Kwamba Mama Stoo ana uzoefu, atachukuliwa tu, huyu kijana anatafuta bahati ya kuitwa. Watu wazima tukitaka kujidanganya hatukosi maneno, na yeye maneno ndiyo yalikuwa biashara yake.

Mkwe akaitwa. Akaenda. Akachukuliwa. Binti alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani mtoto amezaliwa. Mkwe alitabasamu, akasema asante mama, akaingia chumbani, na tangu siku hiyo akazidi kupunguza kula. Mama Barua aliona. Hilo nalo alifanya kama halioni.

Wiki mbili zikapita za kuzunguka kituo cha mafuta. Alimwogopa kila mteja aliyekaa mbele yake. "Niambie siku moja," alikuwa akisema, kisha anakohoa, anasingizia vumbi. Mara mbili aliandika barua za watu bila kuwauliza chochote, mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, akawapa. Walishukuru, wakaondoka.

Mama Stoo alikuja Jumatano, saa nne asubuhi, na bahasha kubwa kuukuu kifuani.

"Dada, umenipotea," alisema. "Au umehama njia?"

"Kazi nyingi," alisema Mama Barua. "Kaa. Karibu, kaa."

Akammiminia maji. Nusu yakaingia kwenye glasi, nusu mezani.

Mama Stoo alieleza polepole, akiangalia sakafu, maana alikuwa bado na aibu. Aliitwa kwenye mahojiano. Walikuwa watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili. Walimwacha aeleze ile Jumapili yote, mpaka mwisho, mpaka na onyo. Alipomaliza, mmoja akacheka. "Mama, hadithi hii siku hizi inauzwa wapi? Maana leo tumeshaisikia." Wakamwekea barua mbili mezani, yake na ya mwingine, jina limefunikwa kwa karatasi. Ya mwenzake ilikuwa na muhuri wa Alhamisi. Yake ilikuwa ya Ijumaa.

"Nikawaambia, ni yangu mimi, nilikuwepo. Yule mwanamke akaniambia, mama, usijidhalilishe, umri wako huu. Nikatoka. Sikujua nimefikaje nyumbani. Nimekaa wiki mbili sitoki nje, dada, naona kama mtaa mzima unajua kwamba mimi ni mwizi wa maneno ya watu."

Mama Barua alichukua kitambaa, akafuta maji yaliyomwagika mezani.

"Nimewaza sana ni nani," aliendelea Mama Stoo. "Itakuwa mmoja wa wale vibarua wa zamani, alisikia mlinzi anasimulia. Wewe hata sikukufikiria, dada, usije ukadhani. Na kwenye benchi nilikaa na kijana mmoja, ana shati la bluu, mpole kabisa, mikono inamtetemeka. Nilimtengeneza kola nikamwambia apumue. Yule naye hawezi. Yule ana mama yake aliyemlea vizuri."

Shati la bluu Mama Barua alilinunua mwenyewe.

Mama Stoo akafungua ile bahasha kuukuu, akatoa karatasi moja iliyokunjika, yenye madoa ya kutu ya pini. Ilikuwa ile barua ya onyo. Ilikuwa na tarehe, na muhuri wa kampuni, na maneno yenyewe: kwa kupoteza maboksi kumi na mawili ya chanjo. "Nimepekua sanduku siku tatu. Nilidhani niliichana. Sasa niandikie barua, dada, niwapelekee pamoja na hii. Sitaki hata kazi yao tena. Nataka wajue kwamba nilikuwepo."

Hapo ndipo Mama Barua alipoona shimo lote, hadi chini. Angeweza kuiandika barua ile, na kuiandika vizuri. Onyo lile lilitosha. Wangelisoma, wangemwita mkwe wake, wangemfukuza mbele ya watu kama mwizi, na jina lake yeye lisingetajwa popote. Mama Stoo angerudi kumshukuru. Kijana asingesema neno. Alishaonyesha kwamba hasemi. Yeye angebaki hapo katikati ya fundi viatu na muuza madaftari, Mama Barua wa watu wote, akiwauliza watu siku zao.

Aliivuta kompyuta. Kioo kilikuwa kimemgeukia yeye, Mama Stoo hakuweza kuona. Hakuuliza kitu. Aliandika kwa dakika kumi bila kusimama, machozi yakimtiririka, naye akayaacha.

"Unalia nini, dada?" alisema Mama Stoo. "Ni yangu haya, mimi mwenyewe nimeshalia nikamaliza."

Mama Barua aliizaba mashine kofi, karatasi ikatoka. Akampa. Mama Stoo alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikitembea.

Mimi ndiye mwandishi wa barua zote mbili mlizoziweka mezani, ndivyo ilivyoanza. Habari ya maboksi kumi na mawili ni ya mama huyu, na ushahidi wake umeambatanishwa. Alinisimulia Jumanne kwa sababu nilimwomba. Nilimwibia Alhamisi. Kijana mliyemwajiri ni mume wa binti yangu. Alinikatalia mara mbili, nikamshinda kwa sababu mimi ni mama mkwe wake. Mama mliyemcheka hajawahi kusema uongo mbele yenu.

Kidole kilifika mwisho, kikarudi juu, kikaanza upya. Huko nje fundi viatu alikuwa akigonga soli. Mama Barua alisubiri atukanwe. Angeshukuru kutukanwa.

"Yule wa shati la bluu," alisema Mama Stoo.

"Ndiye."

"Na wewe."

"Na mimi. Nisamehe, dada. Najua hata sina uso wa kuomba."

Mama Stoo aliinamisha kichwa, mkono ukipapasa kiuno kisicho na funguo. Alipoinua uso, macho yalikuwa makavu. "Mimi sikutaka kusema," alisema. "Miaka sita sikumwambia mtu. Wewe ndiye uliyeniuliza. Ukanipa maji, ukanyamaza, nikaona, huyu ananisikiliza. Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia dada yangu, leo nimepata mtu wa kunisikiliza." Akaisukuma karatasi mezani. "Weka namba yako ya simu hapo chini. Wakupigie. Usije ukaniruka."

Mama Barua akaandika namba kwa kalamu, akatia saini. Akafungua droo kutoa bahasha mpya.

"Acha," alisema Mama Stoo. "Nitanunua hapo kwa jirani."

Akaondoka na karatasi zake mbili. Mama Barua alimsikia mlango wa pili akiomba bahasha, akiuliza kama wanayo kubwa kidogo, akishukuru. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomvunja. Akafunga mlango kwa ndani, akalia mpaka mchana.

Jioni mkwe alirudi bado na ovaroli ya kazini. Binti alikuwa mkekani, miguu imevimba, akikunja nguo za mtoto. Kijana alimsalimia mama mkwe wake, akabaki amesimama mlangoni, kama alivyozoea mpaka aambiwe.

"Kaa, mwanangu. Na wewe usitoke," alimwambia binti yake. "Nina jambo la kuwaambia wote wawili, na mkimaliza kunisikia mniambie mnachotaka."

Alisema yote. Hakutia chumvi, hakupunguza. Kwamba barua ilikuwa ya mwingine. Kwamba mwenye barua hiyo amedhalilishwa, akaja, na kwamba leo saa nne ameandika ukweli kwa saini yake, na kesho au keshokutwa ofisi itaita. Binti aliacha nguo mapajani, akamtazama mama yake, kisha mumewe, akisubiri angalau mmoja acheke aseme ni mzaha.

"Kosa ni langu," alisema Mama Barua. "Lote. Nimewaandikia hivyo. Wewe ulikataa, nikakulazimisha. Ukiulizwa sema hivyo hivyo."

Mkwe alikuwa ameinama, viwiko magotini. Alipoanza kusema aliongea na sakafu.

"Nilimjua, mama."

"Nani?"

"Yule mama. Tulikaa benchi moja. Aliona natetemeka, akanitengeneza kola, akaniambia nisiogope, hata yeye anaogopa, ana habari moja tu ya kuwaambia. Akanisimulia. Friji, toroli, muuza soda. Wewe uliniambia muuza maziwa. Alipofika kwenye kumi na mawili wakaita jina langu."

Mama Barua alishika ukingo wa kiti.

"Ningeweza kusema," alisema mkwe. "Nilikuwa na hatua kama kumi kutoka benchi hadi mlangoni. Nikaingia, nikawasimulia yote ulivyonifundisha. Nilikuwa naona aibu, nimeinamisha kichwa, wakasema huyu kijana ni mnyenyekevu. Nilipotoka alikuwa bado amekaa pale pale. Akaniuliza, mwanangu, wanauliza nini huko ndani? Nikamwambia, wanauliza mambo ya kawaida tu."

Binti alijifunika uso kwa kijisweta cha mtoto.

"Mwanangu," alisema Mama Barua, "hilo nalo ni juu yangu. Mimi ndiye niliyekutia huko. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe niwaeleze, nitaandika na hilo..."

"Hapana, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatiza neno tangu amwoe binti yake. Alisimama, akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja.

"La kwako umeshaliandika," alisema. "Hili la benchi ni langu. Nielekeze tu nyumba yake ilipo. Usiniandikie na hili."